Aliyetega Ategue

Kifungu cha tano cha Mkataba wa Nane wa The Hague, uliotiwa saini Oktoba 1907, ni kifupi. Kinayataka madola yaliyotega mabomu baharini yafanye kila yawezalo kuyaondoa vita vikimalizika, kila dola na mabomu yake.

Sharti hilo halikuzuka hivi hivi. Mwaka 1904 na 1905 Urusi na Japani zilipigana katika bahari inayopakana na China. Pande zote mbili zilitega mabomu, kisha zikafanya amani na kwenda zao. Mabomu yakabaki. Mengine yalikatika kwenye nanga zake, yakawa yanaelea ovyo katika njia za vyombo vya pwani. Mjumbe wa China aliueleza mkutano wa The Hague kwamba raia wa nchi yake kati ya 500 na 600 walikuwa wamekwisha kufa kwa mabomu hayo. Hawakuwa wanajeshi wa upande wowote. Vita havikuwa vyao.

Hati ikatiwa saini, wino ukakauka, na miaka 11 baadaye Marekani na Uingereza zilijikuta zimetega zaidi ya mabomu 70,000 katika Bahari ya Kaskazini. Sura hii inaeleza jinsi deni hilo lilivyolipwa, na waliolilipa ni akina nani.

Ukuta usioonekana

Mwaka 1917 nyambizi za Ujerumani zilikuwa zikizamisha meli za mizigo kwa kasi iliyoitisha Uingereza, nchi ya kisiwa inayokula kwa kutegemea bandari. Nyambizi iliyotaka kufika Atlantiki ilikuwa na njia mbili: kupenya mlango wa Dover, ambao ni mwembamba na ulilindwa, au kuzunguka kaskazini, kati ya visiwa vya Orkney na pwani ya Norwei. Wamarekani walipendekeza njia hii ya pili nayo izibwe.

Maofisa wengi wa Uingereza walitilia shaka. Pengo lenyewe lilikuwa na urefu wa takriban maili 240, na karibu na Norwei kina cha maji kinazidi futi 900. Bomu la kawaida la wakati ule lilikuwa tufe lenye pembe, nalo halikulipuka mpaka meli ilipoligonga. Kuziba eneo kubwa na lenye kina namna hiyo kungehitaji mabomu laki kadhaa.

Jawabu lilitoka kwa mvumbuzi mmoja wa mji wa Salem, Massachusetts, aitwaye Ralph C. Browne. Alipendekeza uzi mrefu wa shaba unaosimama majini kama antena. Shaba na chuma vikigusana ndani ya maji ya chumvi, hutokea betri: mkondo mdogo wa umeme huzaliwa pale pale. Nyambizi ya chuma ikiugusa uzi huo mahali popote, mkondo unashuka mpaka kwenye bomu, unavuta swichi, na bomu linalipuka. Haikuwa lazima tena kuligonga tufe lenyewe. Bomu moja lililinda kina kirefu cha maji, na idadi iliyohitajika ikapungua mara kadhaa.

Kila bomu la Kimarekani lilikuwa tufe la chuma lenye kipenyo cha sentimita 86 hivi na kilo 136 za baruti ya TNT. Lilikaa juu ya sanduku zito lililokuwa nanga yake, vyote viwili juu ya magurudumu. Vilisukumwa kwenye reli hadi tezi ya meli na kuangushwa majini. Sanduku lilizama hadi chini, huku waya ukijifungua na kujikaza wenyewe mpaka tufe likasimama kwenye kina lililopangiwa. Kimsingi mabomu yalipangwa katika tabaka tatu: futi 80, futi 160 na futi 240 chini ya uso wa maji.

Yaliunganishwa huko Inverness na Invergordon, kaskazini mwa Uskoti, katika viwanda vya wiski vilivyogeuzwa karakana. Manowari mbili za zamani na meli nane za kiraia zilizobadilishwa ndizo zilizoyabeba kwa upande wa Marekani. Kutoka Juni hadi mwisho wa Oktoba 1918, Wamarekani walitega zaidi ya 56,000, nao Waingereza kwa jumla walitega zaidi ya 13,000. Siku moja ya kazi iliweza kuacha maelfu majini. Kisha, tarehe 11 Novemba, mapigano yakasimamishwa. Makadirio ya nyambizi zilizoangamia katika ukuta huo huwa kati ya 4 na 8.

Chuma dhidi ya chuma

Baada ya furaha ya ushindi, swali likafika mezani kwa Admirali Joseph Strauss, aliyekuwa akiongoza kikosi cha Marekani cha mabomu ya baharini. Njia ya meli kati ya Uingereza na nchi za Skandinavia ilikuwa imefungwa. Kulikuwa na meli za chakula, makaa na mbao zilizotaka kupita, na wavuvi wa mataifa kadhaa wanaotegemea maji hayo kwa riziki. Marekani ilikuwa imetega, na Marekani ilipaswa kutegua.

Tabu ilikuwa kwamba bomu hilo lilitengenezwa lilipuke likiguswa na chuma, na meli za kutegulia nazo zilikuwa za chuma. Ubora ule ule uliolifanya likubalike mwaka 1917 ndio uliolifanya litishe mwaka 1919. Aliyeingia na meli ya chuma katika eneo hilo alikuwa anaingia katika mtego uliotegwa kwa ajili yake.

Jaribio la kwanza likafanywa kwa kurudi nyuma karne nzima. Jeshi la wanamaji la Marekani lilichukua mashua mbili za uvuvi za Lowestoft, Red Rose na Red Fern, zenye bodi za mbao na zinazokwenda kwa matanga. Mbao haigombani na shaba. Mwishoni mwa Desemba 1918, msimu ambao mchana wa Orkney ni wa saa sita hivi na tufani hufuatana, mabaharia waliojitolea walipandisha matanga, wakafunga waya mmoja kati ya mashua hizo mbili, wakaupitisha katika ukuta wa mabomu kwa nguvu ya upepo. Walirudi salama, na walikuwa wamethibitisha kwamba mabomu yanaweza kuondolewa. Walithibitisha pia kwamba matanga hayatamaliza kazi ya makumi ya maelfu ya mabomu.

Aliyepata ufumbuzi alikuwa ofisa wa cheo cha chini kabisa, Ensign Dudley Nichols, kijana wa miaka 23. Wazo lake lilikuwa kuupinga umeme kwa umeme. Jenereta ndani ya meli ingetoa mkondo kupitia bodi na maji yanayoizunguka, mkondo wenye nguvu ya kuufuta ule mdogo unaozaliwa shaba inapogusa chuma. Uzi ungeigusa meli, na swichi ndani ya bomu isivutwe. Mapema mwaka 1919 kifaa kilijaribiwa kwenye maji yenye mabomu, watu wakiwa ndani ya meli, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kujua. Kikafanya kazi. Nichols alipewa Nishani ya Utumishi Uliotukuka. Baadaye alikwenda Hollywood, akawa mwandishi mashuhuri wa filamu, na wapenzi wa sinema wanamkumbuka kwa kuikataa tuzo ya Oscar aliyopewa kwa filamu ya The Informer. Ni haki akumbukwe vilevile na jamaa za mabaharia waliorudi nyumbani kwa sababu yake.

Kazi yenyewe

Kituo kikuu kilikuwa Kirkwall, mji mkuu wa Orkney. Meli mama iliitwa Black Hawk, na kamanda wa kikosi baharini alikuwa Kapteni Roscoe Bulmer. Uti wa mgongo wa kikosi ulikuwa meli za aina ya Lapwing, zenye urefu wa futi 188 hivi, zote zikiwa na majina ya ndege: Heron, Pelican, Flamingo, Bobolink, Oriole, Swan, Turkey. Ziliongezewa meli 20 za uvuvi zilizoazimwa kutoka Uingereza na boti za mbao za futi 110 ambazo wakati wa vita zilikuwa zikiwinda nyambizi. Mabaharia wote pamoja walikaribia 4,000, katika majira ambayo wenzao wengi walikuwa wakirudishwa makwao na kuvuliwa sare.

Namna ya kufanya kazi inafahamika kwa urahisi kwa yeyote aliyewahi kuona mashua mbili zikivuta juya. Meli mbili zilikwenda sambamba, zikiwa mbali kwa mamia ya yadi, na kati yao ulikokotwa waya wa chuma. Mabamba mazito, yaliyotundikwa nyuma ya kila meli, yaliusukuma waya huo chini mpaka kwenye kina kilichotakiwa. Waya uliponasa kamba ya bomu, mojawapo ya mambo mawili lilitokea. Pengine kamba ilikatika na tufe likaibuka juu, ndipo boti iliyofuata nyuma ikalizamisha au kulilipua kwa risasi za bunduki. Pengine waya wenyewe, ukiwa wa chuma, uligusa uzi wa shaba, na bomu likalipuka pale pale chini ya maji, likarusha nguzo ya maji angani na mara nyingi kukata waya na kupoteza mabamba. Nyaya na mabamba viliisha haraka kuliko ilivyotarajiwa.

Kifaa cha Nichols kiliikinga bodi ya meli isiligutushe bomu kwa kuugusa uzi. Hakikuweza kuzuia mambo mengine mawili. La kwanza ni mlipuko wa bomu moja kuamsha la jirani, na la jirani kuamsha lingine, hadi msururu ukafika chini ya meli. La pili ni bomu zima kunasa kwenye vyombo vya kukokotea na kuvutwa mpaka tezini, ambako wanaume walisimama wakivizungusha vyombo hivyo kwa winchi.

Jambo hili la pili ndilo lililoikuta Bobolink katikati ya Mei 1919, kazi ikiwa haijatimiza mwezi. Bomu lililonasa lilipanda na zana hadi nyuma ya meli. Mabaharia walikuwa wakijaribu kulinasua lilipolipuka. Nahodha, Luteni Frank Bruce, akafa. Meli iliharibika vibaya lakini haikuzama.

Kazi haikusimama. Mwezi Juni huko Orkney jua huwa juu kwa zaidi ya saa 18, na kikosi kilitumia kila saa ya mwanga. Vilikuwepo pia ukungu na mawimbi yasiyoisha, na boti za mbao zilizotangulia kuweka maboya ili kila jozi ya meli ijue mstari wake ulipo. Kwa kila hatua walitegemea kitu kimoja: ramani. Hao waliokuwa wakitegua walikuwa wa kikosi kile kile kilichotega. Walijua mistari ilipita wapi, mabomu yaliachana kwa umbali gani, na kila tabaka lilikuwa kwenye kina gani. Pamoja na kuyajua yote hayo, waliumia. Asiye na ramani hali yake ingekuwaje?

Mwezi huo huo, tarehe 21 Juni, manowari za Ujerumani zilizokuwa zikizuiliwa Scapa Flow, mwendo mfupi tu kutoka Kirkwall, zilizamishwa na mabaharia wake wenyewe. Meli 52 zilikwenda chini, na habari hiyo ikatanda katika magazeti ya dunia. Ilistahili. Ila upande wa pili wa kisiwa hicho hicho, meli zenye majina ya ndege zilikuwa zikitoka na kurudi, na walioziangalia walikuwa wachache.

Pelican na Richard Bulkeley

Tarehe 9 Julai bomu lililipuka karibu na Pelican. Mengine yakafuata papo hapo, sita kwa jumla, mojawapo chini ya meli yenyewe. Bodi ilipasuka, maji yakaingia kwa kishindo, na omo ikaanza kuinama. Kilichoiokoa ni kuta za ndani zinazogawa vyumba vya meli. Kama ukuta ulioukinga mtambo wa mvuke usingeyahimili maji, moto ungezimika, pampu zingekufa, na Pelican ingekwenda chini.

Auk na Eider zikaisogelea, moja kila ubavu, zikajifunga nayo kwa kamba na kutumbukiza mabomba ya pampu zao ndani yake. Huo haukuwa uamuzi mwepesi. Meli tatu zilizofungwa pamoja katikati ya mabomu zingeweza kwenda chini pamoja. Walio wengi wa mabaharia wa Pelican walihamishwa, wachache wakabaki kuziendesha pampu na kuzishikiza kuta kwa magogo. Usiku kucha maji yalipanda, yakashuka, yakapanda tena. Bahari ilichafuka na kamba zikasuguana. Asubuhi meli hizo zilifika Tresness Bay, ghuba ya kisiwa cha Sanday, Pelican ikiwa bado inaelea.

Siku tatu baadaye, tarehe 12 Julai, Richard Bulkeley haikupata bahati hiyo. Ilikuwa moja ya zile meli za uvuvi zilizoazimwa, ndogo kuliko Pelican. Bomu lililipuka nyuma yake na ikazama kwa dakika chache. Nahodha wake, Commander Frank King, alibaki akiwasaidia watu wake kuiacha meli, na yeye mwenyewe hakutoka. Walikufa watu 7. Baadaye Marekani ilizipa manowari tatu majina ya Bruce, King na Bulmer. Kapteni Bulmer alisalimika na mabomu, akafa Agosti mwaka huo kwa ajali ya gari huko Orkney.

Tarehe 30 Septemba 1919 ikatangazwa kwamba kazi imekwisha. Miezi mitano ya kutegua ilikuwa imefuata miezi mitano ya kutega. Watu 11 walikuwa wamekufa na vyombo 23 kuharibika. Vikosi vilikuwa vimeangamiza zaidi ya mabomu 20,000. Mengi ya yaliyobaki yalikwisha lipuka yenyewe siku ya kutegwa au kuharibiwa na tufani za majira ya baridi. Haiwezekani kuifagia bahari isibaki hata bomu moja, na nyavu za wavuvi wa Bahari ya Kaskazini zimeendelea kuibua mabaki ya vita mpaka zama zetu. Lakini njia ilifunguka, na meli zikapita.

Deni la kila mtegaji

Wapo wanaoisimulia kazi ya 1919 kama kisa cha ushujaa peke yake. Ushujaa ulikuwepo, tena mkubwa. Mimi naiona pia kama kazi ya uaminifu. Serikali ilikuwa imeshinda vita, wapiga kura wake walitaka vijana warudi, na sharti la The Hague halikuwa na polisi wa kulisimamia. Maneno "kila yawezalo" yana mwanya mpana, na dola lenye nia mbaya lingeweza kujipenyeza humo. Marekani ilipeleka meli, fedha na watu, ikakaa mpaka mwisho. Uingereza nayo iliunda kikosi maalumu cha kutegua, nacho kilikabili mabomu mengi zaidi katika pwani zake na kwingineko.

Mfano huo haukufuatwa sawasawa baadaye. Mwaka 1945, baada ya vita vya pili, mabaharia wa Ujerumani wapatao 27,000 walibakizwa katika meli za kutegua chini ya usimamizi wa Waingereza, wakafanya kazi hiyo hadi mwanzoni mwa 1948. Huko Japani, njia za pwani zilikuwa zimejaa maelfu ya mabomu yaliyodondoshwa na ndege za Marekani, mengi yakiwa ya kugutushwa na sumaku au sauti ya injini, na sehemu kubwa ya kazi ya hatari iliwaangukia mabaharia wa Kijapani katika vyombo vya mbao. Hapo aliyetegua hakuwa aliyetega. Alikuwa aliyeshindwa.

Msomaji wa Mombasa au Mwanza anaweza kudhani haya ni mambo ya wazungu na baridi yao. Aikumbuke bei ya unga wa ngano mwaka 2022. Bahari Nyeusi, ambako hupita sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Afrika Mashariki, ilikuwa na mabomu yaliyotegwa, na mengine yalikatika yakaelea hadi pwani za nchi zisizopigana. Vita vyenyewe na kufungwa kwa bandari vilipandisha bei, na mabomu hayo yaliongeza hofu na gharama kwa kila meli iliyothubutu kupita. Januari 2024 Uturuki, Bulgaria na Romania zilikubaliana kuunda kikosi cha pamoja cha kuyaondoa. Wanaokwenda kuyatafuta leo wanafanya kazi ya mabaharia wa Kirkwall, na chapati ya Nairobi imo katika hesabu hiyo.

Karibu zaidi na sisi ni Msumbiji. Mapigano yalikoma kwa mkataba wa 1992. Nchi ikatangazwa kuwa imeondolewa mabomu yote ya ardhini yanayojulikana mwaka 2015. Kwa miaka 23 kulikuwa na mashamba yasiyolimika na njia zisizopitika katika nchi iliyoitwa ya amani, kwa sehemu kubwa kwa sababu waliotega hawakuacha kumbukumbu za kuaminika.

Funzo la 1919 linaweza kuandikwa kwa ufupi kama kile kifungu cha tano. Kutega ni rahisi, kwa hiyo lazima kuwe na kumbukumbu ya kila bomu tangu siku linapotegwa. Kutegua ni kugumu, kwa hiyo lazima watu, vyombo na fedha vitengwe kabla ya furaha ya ushindi kupoa na watawala kugeukia mengine. Wapatanishi wanapokaa mezani, wa bara lolote lile, waulizwe ramani ziko wapi, nani ataingia kutegua, ataanza lini, na nani atalipa. Mkataba wa amani usiojibu maswali hayo manne umesimamisha mapigano tu. Gharama ya vita utakuwa umemwachia mvuvi, mkulima na mtoto ambaye hata hakuwa amezaliwa.